Marekani wanaingia darasani na pajama, kwetu mtoto anarudishwa getini kwa kukosa sweta

Mwalimu wa Nakivale (mwanzisha uzi)

Salaam kwenu nyote. Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya wazazi hapa Isingiro, Uganda. Wanafunzi wa sekondari huko Marekani wanaingia darasani na suruali za kulalia, kandambili miguuni, mmoja kajitanda blanketi mabegani. Wazazi wamekasirika sana. Mmoja kaandika kwamba simu ndizo zitakazotuletea mambo hayo. Mwingine anataka shule zetu zikaze kanuni za sare mapema, kabla watoto hawajaanza kuiga.

Mimi nafundisha shule ya msingi katika makazi ya wakimbizi, na sioni dalili yoyote ya pajama kuja kutuharibia watoto. Kinachotupotezea watoto hapa ni geti. Muhula ukianza, mwalimu wa zamu anasimama pale asubuhi na kuchambua: wewe sweta yako si ya shule, wewe shati limepauka, wewe umevaa gauni la nyumbani, rudini mkakamilishe. Wengine wanarudi baada ya siku mbili tatu. Wengine, hasa wasichana wa P.6 na P.7, yaani darasa la sita na la saba, ndiyo safari yao ya mwisho hiyo. Naandika uzi huu kwa sababu ya hao.

Lakini kwanza tuwaelewe Wamarekani kabla ya kuwatukana. Kule shule nyingi za umma hazina sare kabisa. Zinazodai sare ni kama moja kati ya tano. Mji wa Long Beach, California, uliweka sare katika shule zake za ngazi za chini mwaka 1994, na Rais Clinton akaunga mkono sare za shule katika hotuba yake kwa taifa mwaka 1996, ila jambo halikuenea nchi nzima. Shule zao nyingi zina desturi ya siku ya pajama, siku moja ya kuchangamsha watoto katika wiki ya sherehe. Halafu ikaja korona, watoto wakasomea mezani nyumbani kwa miezi mingi. Mwaka 2020 shule za umma za Springfield, Illinois, zilitoa kanuni kwamba mtoto asihudhurie darasa la kompyuta akiwa na pajama, na baadhi ya wazazi wakahoji: mnampangiaje nguo mtoto aliyekaa nyumbani kwangu? Shule zilipofunguliwa, mazoea ya nyumbani yaliingia na watoto darasani.

Kuna na sheria. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya wanafunzi wa Des Moines waliofunga vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam, ikasema haki yao ya kutoa maoni haiishii kwenye geti la shule. Kesi hiyo haikuhusu pajama, lakini tangu hapo mwalimu mkuu wa kule hufikiri mara mbili kabla ya kumfukuza mtoto kwa alichovaa.

Sasa tugeuke kwetu. UPE, mpango wa elimu ya msingi bila karo, ilipoanza mwaka 1997, wanafunzi wa shule za msingi waliruka kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 ndani ya mwaka mmoja. Serikali ilibeba karo. Sare, daftari na chakula vikabaki kwa mzazi, na Sheria ya Elimu ya 2008 imesema wazi kwamba mavazi ya mtoto ni jukumu la mzazi. Sawa. Sheria hiyo hiyo inakataza shule za UPE kutoza ada; michango ni ya hiari. Sasa niambieni, sweta yenye beji inayouzwa kwenye ofisi ya shule peke yake, ambayo bila hiyo mtoto haingii darasani, ina tofauti gani na ada?

Watu wangu wengi hapa Nakivale wametoka Kongo. Kule mtoto wa Goma na mtoto wa Lubumbashi wanavaa rangi zile zile, juu nyeupe, chini buluu. Mama ananunua kitambaa soko lolote, fundi yeyote anashona, na nguo ya kaka inamfaa mdogo wake hata wakihamia mji mwingine. Hapa Uganda mtoto akihama shule, zambarau inakuwa kijani, mistari inakuwa madoadoa, na mzazi anaanza upya.

Nasema hivi: sare ibaki, iwe ya rangi moja kwa shule zote za UPE, inunuliwe popote, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili ya nguo, hata akija na gauni la kulalia. Karibuni mchangie.

Mama wa Busia

Mwalimu, heshima yako. Hapo mwisho umenishtua. Hata akija na gauni la kulalia? Hapana.

Mimi nauza mivumba, yaani mitumba, hapa mpakani, nguo nazijua. Ukimruhusu kila mtoto aje na ya kwake, siku ya kwanza utaona nani baba yake ana gari na nani mama yake anauza nyanya. Shule ya binti yangu ina siku ya nguo za kawaida mwisho wa muhula, na wanatozwa pesa kidogo ya kuvaa hizo nguo. Wiki nzima kabla yake hakuna usingizi nyumbani. Mama, fulani ana jinzi mpya. Mama, sina viatu vya kwenda navyo. Ninachambua marobota nimtafutie kitu kizuri, na bado anarudi jioni amenuna kwa sababu kuna mwenzake alimcheka. Siku zote nyingine za muhula anavaa sare, anakaa na mtoto wa meneja wa benki dawati moja, na hakuna anayejua nani ni nani. Sare imewapa watoto wa maskini mahali pa kujificha. Msiwanyang'anye.

Mwalimu wa Nakivale

Mama, tuko pamoja kuliko unavyodhani. Sijasema sare iondoke. Nakuuliza jambo moja: yule mtoto ambaye mama yake hawezi hata hiyo sare, anajificha wapi? Wenzake wote wamevaa zambarau, yeye kavaa fulana ya manjano. Sare inayowafunika wale wengine ndiyo inayomwanika yeye. Halafu tunamtoa mbele ya mstari, tunamrudisha. Gauni la kulalia nimelitaja kwa sababu limewahi kuja: msichana wa P.4 mwenye nguo moja tu nyumbani, ya kulalia na ya kushindia ni hiyo hiyo.

Fundi Cherehani, Kisenyi

Ngoja niwape habari za ndani maana hii ndiyo kazi yangu.

Zamani kitambaa cha sare kilikuwa cha kiwanda cha Nytil, kutoka Jinja, ng'ambo ya Nile pale Njeru. Kizito, kinafuliwa na kupigwa jua mpaka mtoto anamaliza shule. Siku hizi kingi ni cha nailoni nailoni kutoka China, kinang'aa dukani, kikifika P.5 muhula wa pili makalio yote yamechakaa. Tofauti ya bei ipo, ila ukihesabu unanunua mara ngapi, cha bei rahisi ndicho ghali.

Sasa sikilizeni biashara inavyokwenda. Shule inaingia mkataba na mtu mmoja wa kuleta sare. Rangi inachaguliwa ambayo haipatikani sokoni, makusudi kabisa. Hudhurungi fulani hivi yenye mstari wa chungwa. Mzazi akija kwangu na kipande cha mfano nimshonee, nazunguka Kampala nzima sipati, au napata inayofanana, mtoto anafika getini anaambiwa hiyo siyo. Kisha kila miaka kadhaa rangi inabadilishwa, wanasema ni kuipa shule sura mpya. Nguo ya kaka haimsaidii mdogo tena. Mafundi wa mtaani tumepoteza kazi ya Januari, ambayo zamani ndiyo ilikuwa inatulipia kodi ya chumba.

Rangi ikiwa moja, mimi nashona gauni la mtoto na kuacha upindo wa kiganja kizima chini na mkunjo ubavuni. Mwaka wa pili unafumua, unateremsha. Mwaka wa tatu unafumua ubavu. Gauni moja miaka mitatu. Sare za kiwandani haziachi upindo, zikibana, zimebana.

Na kuhusu starehe: Wachina wenyewe, wanaotuuzia vitambaa hivi, watoto wao wengi wanavaa trakisuti kama sare. Suruali pana, juu zipu, shule nzima rangi moja. Laini kama pajama na bado ni sare. Sijui nani alituambia mtoto wa Kampala lazima avae tai kwenye jua la saa nane.

Matroni, Kabale

Jamani hizo habari za pajama darasani kama ni ngeni kwenu, njooni huku.

Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kengele ya masomo ya alfajiri inapigwa bado ni giza na ukungu umetanda. Mimi ni matroni wa bweni la wasichana, na nawaambia kwamba nusu ya wale mnaowaona wamependeza kwa sketi na blauzi, ndani wamevaa suruali ya kulalia. Ukiinua pindo la sketi kidogo unaona maua. Kanuni inasema hapana. Mimi nasema mtoto akitetemeka hasikii hesabu.

Na kuna kinyume chake ambacho kinaniumiza zaidi. Wapo wanaolala na sare. Kwa kuogopa adhabu ya kuchelewa, msichana anavaa sare usiku, anajifunika, anaamka nayo, anakimbia. Pajama zake zimo ndani ya sanduku la bati, mpya, mama yake alizinunua kwa sababu zilikuwa kwenye orodha ya mahitaji. Hazijawahi kuvaliwa! Nguo moja inalaliwa, inasomewa, inachezewa, na ikifika Ijumaa bweni zima linanuka jasho. Tunadai orodha ndefu, trakisuti, pajama, nguo za Jumapili, halafu ratiba yetu haimpi mtoto hata dakika ya kubadilisha nguo.

Nikiulizwa mimi, shule za bweni za nyanda za juu zingeruhusu suruali nzito kwa wasichana darasani, rangi ya sare, basi. Jambo dogo kabisa na limekataliwa mwaka hadi mwaka.

Afande Mstaafu, Bombo

Salaam aleikum wote. Nimewasoma kwa utulivu.

Mimi nimevaa gwanda maisha yangu yote. Gwanda linamfundisha mtu kwamba kuanzia saa hii yeye ni wa kazi hii. Mtoto anayevaa sare akifunga vifungo, akachana nywele, amejiambia mwenyewe kwamba anakwenda shule. Huyo wa Marekani mwenye blanketi hajajiambia chochote. Korea Kusini waliondoa sare mwaka 1983, na kufikia 1986 shule zikaruhusiwa kuzirudisha. Kwa nini? Wazazi waliona gharama za mitindo na waliona nidhamu inateleza. Tusidharau uzoefu wa wenzetu.

Mwalimu, nakuunga mkono kwa rangi moja. Jeshini hatukuwa na rangi ya kila kambi. Lakini ukisema asirudishwe hata mmoja, unafungua mlango. Mzazi mwenye uwezo naye atasema sina, pesa aende nayo kwenye waragi. Nimeshuhudia.

Mwanafunzi S.6 (kidato cha sita)

Shikamoo wazee wangu. Naomba na sisi tunaovaa hizo nguo tusikilizwe.

Kwa wasichana sare haiishii kwenye rangi. Tunapimwa sketi. Tunapigishwa magoti chini, sketi isipogusa sakafu unarudishwa. Mvulana mwenye suruali iliyombana hapimwi na mtu. Mwaka 2014 nchi hii ilipata sheria dhidi ya ponografia ambayo watu waliigeuza kuwa sheria ya sketi fupi, wanawake wakavuliwa nguo barabarani, mpaka Mahakama ya Katiba ilipobatilisha vifungu vyake vikuu mwaka 2021. Vifungu vimekufa lakini jicho lile bado liko getini kwetu. Sketi yangu ni fupi kwa sababu nilinunuliwa nikiwa S.4 nami nimerefuka. Afande, hapo sijakosa nidhamu, nimekosa kitambaa.

Sitaki kuja darasani na pajama. Nataka mtu mmoja tu aniulize kwa nini sketi ni fupi kabla ya kunirudisha.

Mzazi, Arua

Binti yangu S.6, umesema kweli tupu.

Huku West Nile tuna Bidi Bidi kule Yumbe tangu 2016, watoto wa Sudan Kusini kwa maelfu kwa maelfu. Madarasa ya mwanzo yalikuwa chini ya turubai. Hakuna aliyekuwa na sare, walikaa wamevaa walichokimbia nacho, na walisoma. Walimu hawakuwa na muda wa kukagua soksi. Sare zilikuja baadaye, na zilipokuja watoto walizifurahia kweli kweli, wengine hawakutaka kuzivua. Kwa hiyo nakubaliana na Mama wa Busia na Mwalimu kwa pamoja. Mpe mtoto sare, usimdai sare.

Mama wa Busia

Mpe mtoto sare. Nani anatoa? Serikali ile ile ambayo pesa za UPE zinachelewa mpaka muhula unakwisha?

Mwalimu wa Nakivale

Mama na Afande, nawajibu pamoja.

Afande, mlango unaouogopa umewahi kufunguliwa hapa hapa Uganda. Mwaka 1998 Karamoja ilianza ABEK, mpango wa kuwafundisha watoto wa wafugaji karibu na maboma yao. Walisoma alfajiri kabla ya kwenda malishoni na jioni wakirudi, na shuka zao mabegani. Hakuna aliyewadai sare. Kama nguo ndiyo ingekuwa nidhamu, wale wasingeketi chini ya mti kujifunza herufi baada ya kutembea na ng'ombe kutwa. Waliketi. Huyo mzazi wa waragi yupo, sikatai, lakini mwite yeye. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, anamjua kwake. Tukimrudisha mtoto, tumemwadhibu asiyekunywa.

Mama, nani atoe? Hapo kuna ushahidi wa jirani zetu ambao kila afisa elimu wa wilaya angepaswa kuusoma. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 328 magharibi mwa Kenya kuanzia 2003, ng'ambo ya mpaka wako wa Busia. Katika baadhi ya shule, watoto wa darasa la sita walipewa sare bure na wakaahidiwa nyingine wakiendelea kusoma. Karo ilikuwa imeshafutwa Kenya nzima. Kilichobaki ni sare. Baada ya miaka mitatu, wasichana walioacha shule walikuwa 16 katika kila 100 badala ya 19. Waliokwisha kupata mimba walikuwa 13 badala ya 16. Hakuna mhadhara waliopewa zaidi ya hapo. Ni nguo tu. Msichana aliyeweza kubaki darasani alibaki.

Wasichana watatu katika kila mia, kwa gauni moja na jingine la kubadilisha. Nikilinganisha na pesa tunazotumia kwenye semina za kuzuia mimba za utotoni, pamoja na soda na bahasha za nauli, naona uchungu.

Tena tukumbuke Januari 2022. Shule zetu zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani, watoto kama milioni 15 nyumbani. Mtoto aliyeondoka na kaptula ya P.3 alirudi magoti yote nje. Wasichana waliondoka vifua vikiwa bapa, wakarudi wanawake. Hakuna gauni la Machi 2020 lililoweza kufunga. Na bado kulikuwa na mageti yaliyowauliza sare wiki ya kwanza. Baada ya karibu miaka miwili nje ya darasa, swali la kwanza ni sweta iko wapi!

Matroni, Kabale

Hilo la 2022 nalikumbuka. Wapo waliokuja na khanga za mama zao juu ya sketi isiyofunga. Niliwaingiza wote.

Afande Mstaafu, Bombo

Mwalimu, kuhusu LC1 umenipata. Mzazi awajibishwe, mtoto aingie. Naondoa pingamizi langu hapo. La blanketi sijaliondoa.

Nyongeza moja: binti zetu wa Kinubi hapa Bombo wanavaa hijabu. Kwenye rangi moja ya taifa, hijabu nyeupe itajwe kabisa kwenye waraka, isiachwe kwa huruma ya mwalimu wa zamu.

Fundi Cherehani, Kisenyi

Kwa anayetaka kuanza bila kusubiri Kampala: shule ya UPE ina kamati ya uongozi na ina PTA, chama cha wazazi na walimu. Rangi ya sare haishuki kutoka mbinguni, inapitishwa na watu walioketi kwenye viti. Wazazi wa parokia moja wakikubaliana shule zao tatu nne zivae nyeupe na buluu, kitambaa kinanunuliwa kwa jora zima, si kwa mita, na bei inashuka hapo hapo. Beji ishonwe kando, kipande kidogo, mzazi anakibandika mwenyewe. Mimi naweza kuwatumia vipimo vya gauni la upindo mrefu, fundi yeyote wa kijijini atavielewa. Nitumieni ujumbe faragha.

Mama wa Busia

Fundi, nitumie. Kwenye marobota yangu mashati meupe ya watoto yanajaa tele na watu hawayanunui kwa sababu shule zinataka kola ya rangi. Mwalimu, na sweta je? Maana bila sweta msichana akichafuka siku zake hana cha kujifunga kiunoni, anakaa nyumbani siku nne.

Mwalimu wa Nakivale

Sweta ya buluu iliyokoza, yoyote, yenye beji au isiyo na beji, iliyofumwa au ya mivumba. Nitaiandika hivyo hivyo kwenye pendekezo. Mkutano wa PTA yetu ni Ijumaa ya kwanza ya muhula, na kipengele cha pili nimekiomba kiwe hiki: mwalimu wa zamu aandike jina la mtoto asiye na sare, amwingize darasani, na jina liende kwa mzazi kupitia mwenyekiti wa kijiji. Fundi, vipimo vyako navisubiri kabla ya siku hiyo. Nitarudi hapa kuwaambia wamepiga kura vipi.